Sare za Arusi na Minong'ono ya Kaunta

Kwa mtu anayeuza vitambaa mjini Lamu, swali linaloulizwa kuliko mengine yote halihusu bei wala ubora wa kitambaa. Mteja huingia, husalimu, hupapasa majora mawili matatu yaliyosimamishwa ukutani, kisha huuliza: "Dada, inayoenda sana ni ipi?" Huuliza hivyo msichana anayetafuta abaya yake ya kwanza, na huuliza hivyo bibi ambaye ameona mitindo ya nusu karne ikija na kupita na ambaye jicho lake katika mambo ya nguo ni kali kuliko langu. Nimefanya kazi hii pamoja na mama yangu tangu nilipomaliza shule, katika duka dogo la upande wa Langoni, na kadiri ninavyokaa nyuma ya kaunta ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kile tunachokiita chaguo la mtu, mara nyingi, ni uamuzi uliokwisha kufanywa na wenzake kabla hajafika dukani.

Jambo hili linaonekana hata katika umbo la mali yenyewe. Jora jipya ambalo bado limefungwa nailoni yake laweza kukaa rafuni muda mrefu bila kuguswa, ilhali jora jingine la kitambaa kile kile, la rangi inayokaribiana nalo, likishakatwa likabaki jembamba, hugombewa. Wembamba wake ni ushahidi kwamba wengine wamekwisha kuchukua. Wapo wauzaji wanaolijua hilo na ambao hukata mita kadhaa za mwanzo wakaziweka kando, ili jora lionekane limepungua. Mimi naiona hiyo kuwa hadaa, kwa sababu mteja anayelitazama jora lile anadhani anashauriwa na majirani zake, kumbe anayemshauri ni muuzaji.

Mwaka 2006 watafiti watatu nchini Marekani, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mwenye duka yeyote angelielewa mara moja. Waliweka kwenye intaneti nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakawaalika watu zaidi ya 14,000 wazisikilize na kuzipakua bure. Baadhi yao hawakuonyeshwa chochote kuhusu wenzao. Wengine waligawanywa katika makundi manane yasiyojuana, na katika kila kundi mtu aliona ni mara ngapi kila wimbo umepakuliwa na waliomtangulia. Palipoonekana hesabu hiyo, nyimbo zilizopendwa zilizidi kupendwa na zilizoachwa zikazidi kuachwa, na wimbo ulioongoza katika kundi moja uliweza kuwa wa katikati au wa chini katika kundi jingine. Nyimbo bora kabisa ni nadra kwamba zilianguka, na mbovu kabisa ni nadra kwamba zilishinda, lakini kwa zile nyingine zote lolote liliwezekana, kutegemea nani alitangulia kuchagua. Vitambaa vingi, kama nyimbo nyingi, ni vya kiasi cha katikati.

Hata hivyo, wimbo wa kupakuliwa bure haumwachii mtu deni. Kilichonifanya niandike ni sare za arusi.

Arusi ya kwetu si shughuli ya usiku mmoja. Kuna siku ya hina, kuna vugo, ngoma ya wanawake ya kupiga pembe, kuna nikaha yenyewe, kuna kupamba, ambapo bi arusi hukalishwa akatazamwa na wanawake wenziwe, na katika familia nyingine kuna karamu ya upande wa bwana arusi baada ya hapo. Wazee wetu husimulia kwamba zamani sare ilikuwa leso: wanawake wa nyumba moja walinunua leso za aina moja wakatoka nazo vugoni, na arusi ikishapita leso ile iliendelea na kazi, ikambeba mtoto, ikawa ya kujifunikia usiku, ikafungwa kiunoni jikoni mpaka ikachakaa. Siku hizi sare ni lasi au hariri iliyoletwa kutoka Dubai au Uturuki, inayochaguliwa kwa kila shughuli peke yake, na nguo iliyoshonwa kwayo haivaliki tena mbele ya watu wale wale, kwa kuwa kila mtu anakumbuka ilivaliwa katika arusi ya nani. Ujumbe huingia katika kundi la WhatsApp ukiwa na picha ya kitambaa, jina la duka, bei ya mita na siku ya mwisho ya kuchukua. Kitambaa cha shilingi 3,000 hudai fundi wa kukishona, hudai mtandio unaolingana nacho, hudai viatu na mkoba, na kwa mwanamke mwenye mabinti wawili wanaopaswa kuonekana naye hesabu huzidishwa mara tatu. Ukifika Mfungo Mosi, mara tu baada ya Ramadhani, wakati nyumba nyingi zimekwisha kutumia akiba yao kwa futari na nguo za Idi, arusi huanza kufuatana wiki kwa wiki.

Dukani tuna daftari la madeni lenye jalada gumu, ambalo kona zake zimekwisha kuliwa na mikono. Ukilifungua katikati utaona jina la mteja, chini yake maneno "sare ya waridi" au "sare ya kijani ya kupamba", na mkabala nayo kiasi chote cha fedha. Kisha hufuata mstari wa malipo: 200, 200, 100, 200, halafu wiki tupu, halafu 50. Katika kurasa nyingi sare ya pili huandikwa chini ya ile ya kwanza kabla ya kwanza kufutwa. Wenye majina hayo nawajua. Kuna mke wa mvuvi ambaye wakati wa kusi kali mumewe hukaa siku nyingi bila kwenda baharini; kuna mjane anayeuza mahamri na viazi vya karai alfajiri; kuna mwalimu wa chekechea. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekopa kwa sababu hana nguo ya kuvaa. Kila mmoja alikopa kwa sababu picha ilikwisha kuingia katika kundi.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani mimi, kwa sababu ya mahali nilipokaa, naliona waziwazi kuliko wao. Katika kundi la WhatsApp, chini ya picha ya kitambaa, hufuata nyoyo na "Mashallah" na "imependeza sana". Hakuna anayesema ni ghali. Siku mbili tatu baadaye wale wale walioweka nyoyo huanza kufika dukani, na kila mmoja huja peke yake, na kila mmoja hungoja mteja mwingine atoke. Kisha huinama kidogo juu ya kaunta na kushusha sauti: "Dada, hapana kingine kinachofanana na hiki cha bei ya chini?" Nikimjibu kwamba kilichochaguliwa ni hicho, huguna na kusema, "Ningesema, lakini nitaambiwa ndimi nisiyeitakia heri arusi ya wenzangu." Mwingine husema kwamba wote wameridhia isipokuwa yeye. Wa tatu husema hivyo hivyo. Nimewahi kumsikiliza shangazi wa bi arusi akinong'ona maneno hayo asubuhi, na mchana nikamsikiliza aliyeichagua sare yenyewe akisema kwamba hata yeye aliiona ghali, ila alidhani kwamba akichagua cha bei ndogo watu watasema nyumba yao imemfanyia mtoto arusi ya kimaskini. Kaunta yangu ni mahali ambapo minong'ono yote hiyo hukutana, na mimi pekee ndiye niliyeisikia yote kwa pamoja.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa watu wa mbali kabisa nasi, na katika bidhaa ambayo sisi tumeharamishiwa. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton na mazoea ya kunywa pombe chuoni hapo. Wanafunzi walipoulizwa kila mmoja kwa siri, walionekana kuwa na wasiwasi na unywaji ule kuliko walivyodhani kwamba wenzao walikuwa nao. Kila mmoja alijiona ndiye mwenye shaka kati ya watu wasio na shaka, na kwa kuwa wote walinyamaza, ukimya wa kila mmoja ukawa ndio ushahidi kwa mwenzake kwamba mambo yako sawa. Badala ya chupa weka jora la lasi, na badala ya bweni weka kundi la arusi, utaipata Lamu.

Kabla yao, katika miaka ya 1950, Solomon Asch aliwakalisha watu pamoja akawaonyesha mistari ya urefu tofauti na kuwauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi kwa mwenye macho. Lakini waliokuwa chumbani wote isipokuwa mmoja walikuwa wameagizwa na mtafiti watoe jibu la makosa kwa sauti moja. Yule mmoja, baada ya kuwasikia, alifuata jibu la makosa katika takriban theluthi ya majaribio hayo, na karibu watu watatu katika kila wanne walikubali makosa angalau mara moja. Sehemu hii ya jaribio hutajwa sana. Sehemu mbili nyingine hutajwa kwa nadra, na kwangu ndizo zenye thamani zaidi. Watu walipoambiwa waandike jibu lao badala ya kulitamka mbele ya wenzao, walikosea mara chache zaidi. Na alipotokea chumbani mtu mmoja tu aliyesema ukweli, makosa yalishuka mpaka takriban robo ya yalivyokuwa. Mnong'ono wa dukani ni lile jibu la kuandikwa. Kinachokosekana katika kundi ni yule mtu mmoja.

Sitaki mtu asome haya akadhani nawaona wanawake wenzangu kuwa wajinga au wenye kiburi. Wanaotumia fedha ili waonekane wana sababu, na mji wetu wenyewe ni kitabu cha sababu hizo. Ukiingia katika nyumba kongwe za Mkomani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, utakuta chumba cha ndani ambacho ukuta wake mzima umechongwa zidaka, safu juu ya safu, ambamo wenye nyumba walipanga vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina na nchi nyingine za mbali. Vile havikuwa vyombo vya kulia tu. Mfanyabiashara aliyeshuka kutoka jahazini, aliyepaswa kumwaminia mwenyeji mali yake kwa msimu mzima mpaka upepo ugeuke, hakuwa na benki ya kumwambia nani anaaminika. Alitazama nyumba ya mawe, familia iliyokaa humo kwa vizazi, na heshima iliyoizunguka, akajua kwamba mtu huyu ana cha kupoteza. Kuonekana kulikuwa ni dhamana.

Hali hiyo haijakwisha. Mwanamke anayeonekana arusini akiwa katika sare ya wenzake ndiye atakayekumbukwa mchezo wa fedha unapopangwa, ndiye atakayechangiwa akifiwa, na bintiye ndiye atakayetajwa mama wa kijana atakapoulizia mchumba. Mwanauchumi wa Marekani Thorstein Veblen aliandika mwaka 1899 juu ya matajiri wanaotumia mali kwa kusudi la kuonekana, na maneno yake yamewaathiri wengi, lakini nahisi kwamba aliwatazama zaidi waliokuwa nacho cha kuonyesha. Kwa mke wa mvuvi, kitambaa cha shilingi 3,000 ni kama bima asiyoweza kuacha kuilipia. Ndiyo maana kumwambia tu "usifuate watu" ni maneno mepesi ya mtu ambaye hatalazimika kuzika bila wachangiaji.

Ipo pia hoja ya wale wanaozipenda sare kwa moyo, nayo ina uzito. Husema kwamba sare huwasawazisha watu: mke wa mwenye jahazi na mke wa kuli hukaa safu moja wamevaa nguo moja, na mgeni hawezi kujua yupi ni yupi. Historia yetu inawaunga mkono. Zamani mwanamke wa daraja la juu mjini hapa alitembea ndani ya shiraa, pazia kubwa kama hema lililobebwa na watumwa wake, na nguo ilimtambulisha mtu daraja lake kabla hajafungua kinywa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani yetu mwaka 1907, na mapema katika karne ya 20 buibui likaenea, vazi moja ambalo lingeweza kuvaliwa na mwanamke yeyote, awe mjukuu wa bwana au mjukuu wa mtumwa. Kununua vazi lile lile alilonunua jirani kulikuwa ni kudai utu. Nakubali haya yote. Lakini buibui lilikuwa moja, likavaliwa miaka. Usawa unaonunuliwa upya kila wiki kwa bei moja kutoka katika mifuko isiyo sawa huwa ni usawa wa ukumbini. Katika daftari langu tofauti huonekana ile ile, tena imeongezeka.

Jambo jingine ambalo watu hulielewa visivyo ni nani hasa tunayemfuata. Wageni hudhani kwamba watu wa Lamu wanatamani maisha ya watalii matajiri wenye majumba Shela. Sijawahi kumwona mteja hata mmoja akiniomba kitambaa kama cha mgeni wa Shela. Mteja huleta simu yenye picha ya wifi yake. Huko Uholanzi kuna bahati nasibu ambayo huchagua kwa kura anwani ya posta moja, ya mtaa mdogo wenye nyumba chache tu, na wakati ilipochunguzwa wenye tiketi katika anwani hiyo walipata euro 12,500 kwa kila tiketi, na mmoja wao alipewa gari jipya la BMW. Peter Kuhn na wenzake walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wao juu ya majirani wa washindi hao, yaani watu ambao hawakushinda chochote, na wakakuta kwamba waliokaa karibu kabisa na washindi walielekea kununua magari kuliko wengine. Matajiri wa kweli wa nchi ile walikuwepo siku zote na magari yao yalionekana barabarani kila siku. Kilichomsukuma mtu ni gari lililoegeshwa mlango wa pili, la mtu ambaye jana walikuwa sawa.

Wala si kila kitu kinachofuatwa hivyo. William Bearden na Michael Etzel walionyesha mwaka 1982 kwamba nguvu ya wenzetu juu ya manunuzi yetu ni kubwa zaidi kwa vitu vya anasa vinavyotumiwa mbele ya watu, na ni ndogo kwa vitu vya lazima vinavyotumiwa faraghani, kama vile godoro. Hili silihitaji kulithibitisha kwa takwimu. Najua nyumba ambamo mtandio wa arusi una shanga za kushonwa kwa mkono na godoro limebonyea mpaka mama hulalia upande mmoja kuepuka chaga. Hakuna picha ya godoro inayotumwa katika kundi.

Kwa vijana wetu wa kiume sare yao ni simu. Kijana huichukua kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa, na asipolipa simu hujifunga, akakaa nayo barazani kama kioo cheusi mpaka apate kibarua. Ukimuuliza kwa nini hakuchukua ya bei ya chini iliyokuwa pembeni yake, atakujibu kwamba wenzake wote wana ile. Zito zaidi ni majani. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walitangaza amri za kupiga marufuku muguka, majani ya kutafunwa yanayochangamsha, katika kaunti zao, na Mahakama Kuu ya Embu, eneo ambako muguka hulimwa, ikasimamisha zile za Mombasa na Kilifi. Mabishano yalikuwa makubwa, na kila upande ulikuwa na hoja zake za afya na za riziki. Mimi niliwaza zaidi juu ya tafuno la kwanza, ambalo kijana halinunui. Hupewa na rafiki maskanini, bure, kwa ukarimu, na kulikataa ni kama kuukataa mkono wa mwenzako. Sheria ya kaunti haifiki pale.

Lakini nguvu hii haina upande. Bryce Ryan na Neal Gross walichambua majibu ya wakulima 259 katika jimbo la Iowa nchini Marekani na mwaka 1943 wakaeleza jinsi mbegu chotara za mahindi zilivyoenea huko. Karibu nusu ya wakulima walizisikia kwanza kutoka kwa wauzaji, lakini aliyetajwa zaidi kuwa ndiye aliyewafanya wapande ni jirani aliyepanda na mahindi yake yakaonekana upande wa pili wa ua. Mtaani kwetu mtungi wa gesi wa kilo 6 uliingia namna hiyo hiyo. Matangazo yalikuwa redioni miaka na miaka, na akina mama wakaendelea na makaa, wakihofia mlipuko. Kisha mwanamke mmoja alipikia futari kwa gesi mbele ya majirani zake, nao wakaona moto umewaka na kuzimwa bila tukio, na baada ya Ramadhani mbili hivi makaa yakabaki ya kuchomea mishikaki. Kwa hiyo simwombi mtu yeyote aache kuwatazama wenzake. Hawezi, na pengine haifai. Ninachouliza ni nani anatazamwa, na anaonyesha nini.

Jibu langu, baada ya kuwasikiliza wateja miaka yote hii, ni kwamba mzigo wa kusema "hii ni ghali" hauwezi kubebwa na mke wa mvuvi. Yeye akivaa leso ya zamani, watu watasoma umaskini. Akisema katika kundi kwamba bei ni kubwa, watasoma wivu au uchoyo. Mke wa mwenye jahazi akivaa leso ya zamani, hakuna anayeweza kudhani kwamba ameshindwa, na kwa hiyo watasoma uamuzi. Ni yeye peke yake anayeweza kuishusha bei bila kushuka yeye mwenyewe. Wenye uwezo hudhani kwamba kwa kuchagua kitambaa kizuri wanaikirimu arusi, na nia yao huwa njema, lakini kila wanapochagua bila kuuliza huwa wamewaandikia wengine deni.

Nimeliona likifanyika. Katika arusi moja ya mtaani kwetu, ya familia ambayo hakuna atakayeitilia shaka kwa mali, picha ya lasi ya dhahabu iliingia katika kundi asubuhi na nyoyo zikaanza kumiminika kama kawaida. Kabla ya adhuhuri shangazi mkubwa wa bi arusi, mwanamke ambaye neno lake halirukwi, aliandika: "Wanangu, kitambaa ni kizuri, Mungu awabariki mliokichagua. Mimi nitavaa leso zangu za arusi ya mama yake. Anayependa kuvaa lasi avae, anayependa kukaa na mimi aje na leso aliyo nayo." Kwa muda hakuna aliyeandika kitu. Kisha mmoja akaandika kwamba atakaa na shangazi, akafuata mwingine, na kufikia jioni ujumbe ulikuwa wa kutaniana juu ya leso za nani ni kongwe zaidi. Usiku wa kupamba safu ya shangazi ilikuwa ndefu kuliko ile ya lasi. Niliuza vitambaa vichache wiki ile, na katika daftari arusi hiyo haikujaza hata nusu ukurasa. Arusi iliyofuata, ya familia nyingine, ilirudi kwenye lasi kamili, kwa sababu huko hakuwepo shangazi wa namna hiyo. Iliyofuata baada yake walichagua rangi tu, kila mtu akatafuta kitambaa cha uwezo wake.

Kutokana na hayo nimebadili namna ninavyowapokea wanaokuja kuchagua sare. Mwaka 2008 Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walichapisha jaribio walilolifanya hotelini: wageni walioombwa tu kwamba watumie taulo zao zaidi ya mara moja kwa ajili ya mazingira walikubali kwa kiasi cha 35 katika kila 100, na walioambiwa kwamba wageni wengi wa hoteli ile hufanya hivyo walikubali kwa kiasi cha 44. Katika jaribio la pili, walioambiwa kuhusu watu waliowahi kulala katika chumba kile kile walikaribia nusu. Kwa hiyo mwenye arusi anapoketi na kuanza kufungua majora, mimi husema kwanza lile ninalolijua kwa yakini. Humwambia kwamba wanawake wengi waliochukua sare hapa msimu uliopita waliniambia kwa siri kwamba ni ghali, na kwamba wapo waliochagua rangi moja wakaacha kitambaa huru, na arusi zao zilipendeza. Majina siyataji. Mama yangu hakupendezwa na desturi hii mwanzoni, kwa kuwa duka ni letu na lasi ndiyo yenye faida, na tulibishana. Siku hizi, mteja akiuliza inayoenda sana ni ipi, yeye mwenyewe humwuliza kwanza: "Mwanangu, wangapi katika hao watavaa kwa mkopo?" Wengine hukasirika wakaenda duka la pili. Wengine hukaa kimya kidogo, huhesabu kwa vidole majina ya wifi na mabinamu zao, kisha huomba kuonyeshwa majora ya pamba yaliyo chini.